Chungu cha Msibani Kipikwe kwa Jirani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu wa Langoni na Mkomani, usiku huu tuzungumze msiba, maana hapo ndipo ujirani wetu unapopimwa. Kukosha maiti, kumvisha sanda, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakitimiza baadhi, wengine wamesalimika, wakiacha wote, mtaa mzima una dhambi. Maji hutiwa majani ya mkunazi, na ya mwisho karafuu maiti. Sanda ya mwanamume nguo tatu, ya mwanamke tano. Sala ni takbira nne, haina rukuu wala sijida. Hayo, alhamdulillahi, Lamu twayajua.

Tunapoteleza ni kwenye chakula. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib vitani Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamrisha jamaa zake Jaafar wapikiwe, kwani wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Leo mfiwa ndiye apikaye! Hitima ya kumsomea marehemu pilau, siku ya arubaini pilau, na pesa zatoka katika mali ya marehemu. Mali ile, tangu roho kutoka, ina wenyewe, na huenda wamo mayatima. Mtoto asiyebaleghe hana idhini ya kutoa, wala mama yake hawezi kumtolea.

Tuchukue mfano. Marehemu kaacha shilingi 300,000, mke na watoto wa kiume na wa kike. Wazazi wake wametangulia. Mazishi 30,000. Madeni 60,000, na mahari ambayo mke hajalipwa ni deni vilevile, wengi hulisahau hili. Zimebaki 210,000. Wasia hauzidi thuluthi, yaani 70,000, wala hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Katika 140,000 zilizosalia, thumni ya mke, yaani moja ya nane, ni 17,500. Zilizobaki ni za watoto. Sasa niambieni, ng'ombe wa arubaini yuko fungu gani?

Basi majirani wagawane zamu za siku tatu, nyumba moja chakula cha mchana, nyingine cha usiku. Kipelekwe kimeshapikwa. Ukipeleka mchele na nyama mbichi, umewatia jikoni wanawake wenye msiba.

Na baada ya siku tatu msitawanyike mkamsahau mjane. Eda yake, yaani muda wa kukaa nyumbani bila kuolewa, ni miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa na mimba. Mtaa umchague wa kumwendea sokoni, na ajulikane kwa jina tangu siku ya mazishi.