Badilisha plagi za IST mwenyewe, hapo hapo nyumbani

Haya wapendwa, karibuni. Leo tuna IST, injini 1NZ, ile ya 1500. Mwenye Probox, Raum au Spacio ya injini hiyohiyo usiondoke, kazi ni moja. Gari linamisi (silinda moja haichomi vizuri, injini inatetemeka) asubuhi, mlimani linashtukashtuka, mafuta linakunywa kama limetumwa: anza na plagi kabla hujaenda gereji.

Boneti juu, teminali ya hasi chomoa, kava la plastiki toa. Hayo mnayajua. Ila injini iwe imepoa! Mimi naliacha gari lilale, nafungua asubuhi chai ikiwa pembeni.

Hizi nne nyeusi zilizojipanga ndizo koili, zinazoipa plagi umeme wa cheche, kila plagi na yake. Bana klipu, kisha vuta soketi ya waya wa koili. Soketi, siyo waya! Plastiki hii imepigwa joto tangu ilipokuwa Japani, inakatika kirahisi. Bolti ni namba 10. Fungua, tikisa koili kidogo, ivute juu.

Dogo, sogeza kamera. Zaidi. Mnauona huo mchanga ndani ya tundu? Usifungue plagi bado, utashukia kwenye silinda. Mwenye kompresa apulize. Mimi nina pampu ya baiskeli ya mwanangu, inatosha, japo atalalamika.

Soketi ya kufungulia plagi, ile ya racheti, ni namba 16, ile yenye mpira ndani wa kuishika plagi. Dukani kwangu zipo, bei iko chini ya video.

Ya kwanza hii, kahawia kavu, inaunguza vizuri. Ingekuwa nyeusi ya masizi, ningeanza kuitazama eya klina, chujio la hewa. Ya pili vilevile. Ya tatu... subiri. Dogo usizime, acha waone. Koili imetoka na oili. Hii haikuwa kwenye mpango wetu wa leo. Oili hiyo inavujia hapo kutoka juu, sili za kava la valvu zimechoka. Zungushia kitambaa kwenye kijiti, futa mpaka pakauke, ndipo ufungue. Na sili zibadilishwe, la sivyo oili itaharibu mpira wa koili na misi itarudi. Hiyo nitaifanyia video yake.

Mpya ninazoweka ni Denso K16R-U11. Hiyo 11 ya mwisho ni nafasi ya cheche, milimita 1.1. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, hata kama ni mpya, maana ikianguka tu sakafuni nafasi inajibana.

Sasa tulieni. Racheti weka chini. Weka mbali kabisa. Chukua kipande cha paipu ya mpira ya kupitisha mafuta, chomeka kwenye kichwa cha plagi, ishushe, zungusha kwa vidole viwili. Ikikaa upande mpira utateleza wenyewe, hapo toa uanze upya. Hedi, kichwa cha injini plagi inapoingia, ni ya aluminiamu, plagi ni chuma. Ukilazimisha, thredi za hedi zinakufa, na hapo ni kazi ya mchonga vyuma. Nasema tena: vidole! Mzunguko wa kwanza ukiwa mgumu, simama, toa. Usiseme “itaingia tu.” Haiingii, inaua.

Imegusa chini? Sasa racheti, nusu mzunguko, basi. Mwenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, aweke 18 Nm. Hapa siyo nati za gurudumu, usiegemee. Na grisi msipake. Nyingine tatu hivyohivyo, na kila moja ianze kwa vidole, hata ya nne ukiwa umeshachoka.

Koili rudisha, bolti, klipu ilie “tak”. Betri. Washa... sikilizeni sailensa, imetulia.

Yako ikiendelea kumisi, zima, hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwa jirani yake. Misi ikihama nayo, koili hiyo ndiyo mbovu. Nunua hiyo moja, hata kama muuzaji anakushawishi uchukue seti.