Tumfuatilie nyigu wa udongo anavyojenga

Karibuni watazamaji. Leo tumekaa barazani, kwa sababu fundi wetu yuko pale juu, ukuta unapokutana na dari. Ni nyigu wa udongo: mweusi, miguu ina manjano, kiuno cha manjano chembamba kama uzi. Yuko peke yake, hana malkia wala kundi. Usimkimbie. Huyu halindi kiota chake kama wale wa makundi. Atakuchoma ukimshika au ukimbana.

Kwanza, mpe tope. Lowesha udongo wa mfinyanzi karibu na bomba, usiuache ukauke, kisha subiri. Huyo ametua! Tazama alivyoinamisha kichwa na kuinua mkia, anavingirisha kidonge kwa taya. Kinafika punje ya choroko hivi. Kaondoka nacho.

Pili, tegesha simu hatua mbili kutoka kiota na usiiguse tena. Sikiliza anapopaka, sauti ya mabawa inapanda. Kila kidonge anakitandaza kuwa utepe, mmoja kushoto, mwingine kulia, hadi mistari inapishana kama ukili wa mkeka.

Chumba kikifika urefu wa pingili ya kidole gumba, safari za tope zinakoma. Hapa usibanduke, mimi hiki ndicho ninachokisubiri siku nzima. Anarudi amekumbatia buibui! Hajamuua, amemchoma mwiba akapooza. Angekufa, angeoza kabla mtoto hajamla. Anawashindilia mmoja baada ya mwingine, na juu ya tumbo la mmoja anabandika yai moja jeupe. Kisha anaziba kwa tope na kuanza chumba cha pili. Vikishakuwa kadhaa, anavipiga lipu vyote pamoja.

Tatu, tuone ndani. Hicho kipya tafadhali usikikwangue. Tafuta kiota cha zamani chenye matundu ya duara. Kila tundu, nyigu mmoja katoka. Pitisha kisu nyuma yake taratibu. Tazama hiki kifukofuko cha kahawia, kikavu kama ganda la kitunguu, na vipande vya miguu ya buibui chini yake. Buu alikula akiba yote, akajisokotea humu.

Lakini chumba hiki cha pembeni hakina tundu. Ngoja nikifungue. Buibui wote wamo, wamekauka, hakuna aliyeliwa. Yai halikuanguliwa. Sogezeni kamera, ninawamwaga kwenye sahani tuwahesabu.