Saa Nzima Bila Kutikisika

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Kabla hatujaanza, Baraka, hebu shusha mabega.

BARAKA: Kwani yamepanda?

ZUHURA: Yamekaribia masikio! Na mwenyewe huna habari. Ndiyo mada yetu leo: sanaa ya video na mwili wenye msongo.

BARAKA: Nimehariri hadi usiku wa manane, nisamehe. Haya, mimi nimekuja na Bill Viola, msanii wa video wa Marekani, na kazi yake The Quintet of the Astonished, mwaka 2000. Watu watano wamebanana, hakuna sauti. Tukio la kama dakika moja limerekodiwa kwa kasi kubwa, kisha likavutwa hadi robo saa. Unaona kidevu kikitetemeka kitambo kabla uso haujakunjamana.

ZUHURA: Inapendeza. Ila wale ni waigizaji, wameagizwa wahuzunike. Msongo hauagizwi, ndugu yangu. Adrenalini, ile homoni ya hatari, ikimwagika, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, pumzi inapanda juu kifuani, taya zinakaza. Wewe hujaombwa ruhusa.

BARAKA: Waigizaji nao wana taya.

ZUHURA: Wanazo, sawa. Sasa sikia yangu. Msanii Gillian Wearing, Uingereza, 1996, video yake Sixty Minute Silence. Watu 26 wenye sare za polisi wamejipanga kama wanaopigwa picha ya pamoja. Ukipita haraka utadhani ni picha kweli. Kumbe ni video, na wanatakiwa wasitikisike saa nzima.

BARAKA: Saa nzima! Mimi dakika ya tano pua ingeshaniwasha.

ZUHURA: Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Mmoja anameza mate, mwingine anahamishia uzito mguu wa pili, huyu anakuna. Hakuna aliyeambiwa aonyeshe hisia. Wanajizuia, na kule kujizuia ndiko kunakowaumbua. Sare inaamuru, magoti yanaomba kukaa. Mwaka uliofuata Wearing akatwaa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza.

BARAKA: Inaishaje?

ZUHURA: Muda ukitimia, mmoja anapiga ukelele.

BARAKA: Wa hasira?

ZUHURA: Mimi nasikia ahueni.

BARAKA: Basi na Bas Jan Ader, yule msanii Mholanzi, utamweka wapi? I'm Too Sad to Tell You, 1971. Najua, ni filamu, si video, wasikilizaji msinishambulie. Anajirekodi akilia. Hakuna sauti, hasemi analilia nini. Ni kweli au anajikamua?

ZUHURA: Pale umenibana. Nikimtazama, mwanzoni naona mtu anayetafuta machozi. Baadaye uso unamponyoka, na hata ukimwambia aache sidhani kama angeweza.

BARAKA: Alianza kwa kuigiza, mwili ukamwamini.

ZUHURA: Mh. Inawezekana.

BARAKA: Kwa hiyo waigizaji wa Viola umewasamehe?

ZUHURA: Wawili. Yule wa katikati bado simwamini.