Pima ganzi ya miguu ya mwenye kisukari kwa kidole chako tu

Haya jamani, karibuni tena. Leo sishoni viatu, tunakagua miguu ya baba. Mwenyewe karidhia, ila sura yake hataki ionekane.

Miguu imeoshwa, imekaushwa mpaka katikati ya vidole. Hilo mnalijua, tupite.

Mwambie afumbe macho. Akihisi umemgusa aseme "kulia" au "kushoto", basi. Kila mguu vidole vitatu: gumba, cha kati, na kile kidogo cha mwisho. Gusa nchani sekunde moja au mbili, toa. Kipimo hiki wamekitoa madaktari wa Ipswich, Uingereza, na hakina kifaa cha kununua.

Sasa sikilizeni. GUSA. Usibonyeze, usigonge, usisugue. Mwaka jana mimi nilibonyeza. Ukibonyeza, kidole kizima kinasogea, mtu anajua tu kwamba umemshika. Baba akapata sita kwa sita, nikashangilia. Baada ya siku chache namvua kiatu, soksi imelowa damu. Msumari umetoboa soli, kashinda nao kutwa, hana habari! Kwa hiyo gusa tu, kama unamwamsha mtoto na hutaki aamke.

Aa, paka kaangusha simu. Toka!

Tuendelee. Kushoto, kile kidogo... kimya. Mmeona? Asipohisi usirudie, hata ukitamani. Baba, usichungulie! Viwili au zaidi kati ya sita visipohisi, miguu ina ganzi. Na wa Dar mnaijua habari ya panya: mguu wa hivi hutafunwa usiku, mwenyewe anakoroma. Chandarua, kichomekwe vizuri.

Geuza unyayo. Giza, ngoja nivute pazia. Hapa chini ya gumba pana sugu, na katikati... eh. Doa jeusi. Baba, hapa panauma?

"Wala."

Hapaumi kwa sababu ya ganzi, ndiyo maana naogopa. Damu imevilia chini ya sugu. Wembe hapana, maji ya moto hapana, dawa ya meno hapana. Pembeni naona wekundu, pana joto kuliko mguu wa pili. Nauzungushia kalamu, hivi, daktari aone kama unatambaa. Karibu nusu ya vidonda vya aina hii huingiwa na vijidudu, na vikishakolea, kama mmoja kati ya watano hukatwa kidole au zaidi.

Viatu vya soli nene nitawaonesha siku nyingine. Baba, acha hizo kandambili, nakuletea kobazi. Bodaboda yuko nje, tunawahi kliniki.