Gusa Mfupa Kabla Hujamwita Mtu Kiziwi

Asanteni. Kaeni, kaeni. Kabla sijaanza, kila mmoja azibe masikio yote mawili kwa vidole, afunge mdomo, aseme "mmmm". Endeleeni. Mnaona? Masikio mmeziba, sauti imekua. Sauti hiyo haikuingia kutoka nje kwa tundu la sikio. Imepita kwenye taya na fuvu, ikafika kwenye koklea, kile kiungo cha kusikia cha ndani kilichojikunja kama konokono. Ndiyo maana sauti yako ikirekodiwa kwenye simu unaikataa. Simu imechukua ya hewani peke yake, wewe umezoea hiyo pamoja na ya mfupa.

Nimelisema hili miaka mingi, na bado naletewa watu wazima wenye kadi iliyoandikwa "kiziwi", hakuna hata mmoja aliyewagusa mfupa kupima kama sauti inafika kwa njia hiyo.

Niwaeleze habari za mzee mmoja, fundi cherehani. Masikio yote mawili yametoa usaha tangu utotoni. Alikuja na binti yake, na kila nilichomuuliza mzee, binti ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Mzee ameinamisha kichwa anakunjakunja kofia yake. Nikauliza, hajapewa shimesikio, vile vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa sikioni? Alipewa. Ziko nyumbani, kwenye kopo la vifungo. Kila akizivaa, masikio yanachuruzika. Na itakuwaje vingine? Umeziba tundu la sikio bovu, unyevu umebaki ndani, usaha umerudi. Kosa halikuwa lake.

Nikachukua uma wa sauti, kile kichuma chenye meno mawili, nikaugonga, nikauweka mbele ya sikio. Akatikisa kichwa. Nikaugonga tena, nikaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mikono ikaacha kofia. Akasema, "Kengele." Nilipotaka kuuondoa akanishika kiwiko, niuache.

Tukampima kwa mashine, halafu tukamfunga mkanda wa kichwani wenye kifaa kinachotikisa mfupa, nikamwambia binti aongee. Binti akapaza sauti kama kawaida yake. Mzee akageuka: "Mama, usipige kelele. Nakusikia." Binti alikaa kimya kwa muda. Hakuwa amezoea kuongea na baba yake kwa sauti ya kawaida.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: si angeshonwa ngoma ya sikio tu? Ndiyo, sikio linaloweza kutengenezwa litengenezwe kwanza, na usaha utibiwe. Lakini wapo waliofanyiwa upasuaji mara mbili na sikio bado linatoa usaha. Wapo waliozaliwa bila tundu la sikio. Hao huwezi kuwaambia warudi mwakani.

Na mwingine atasema uma unadanganya. Kweli, kuna mtego. Sikio moja likiwa limekufa kabisa, ukigusa mfupa wa upande huo atasema anasikia, kwa sababu mtikisiko unavuka fuvu na kusikika na lile zima. Kwa hiyo kwenye mashine lile zima unaliwekea kelele ya kulishughulisha. Anayeruka hatua hiyo anaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji usio wake.

Sasa kipandikizi chenyewe, kile kinachofanya kazi ya mkanda ule lakini kimefungwa kwenye mfupa. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria kile kinachoingizwa ndani ya koklea, ambacho hospitali ya Muhimbili walianza kukipandikiza mwaka 2017. Hiki ni kingine. Koklea haiguswi. Asili yake ni Sweden: mtafiti Per-Ingvar Brånemark aliweka vyombo vya titani, aina ya metali, kwenye mifupa ya sungura, alipotaka kuvitoa vikawa vimegandamana na mfupa. Mwaka 1965 akatumia jambo hilo kwa meno ya binadamu, na mwaka 1977, mjini Gothenburg, daktari wa masikio Anders Tjellström akaweka skrubu za titani nyuma ya masikio ya wagonjwa wake wa kwanza. Skrubu yenyewe ina urefu wa milimita 3 au 4. Mtu mzima anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya pale pale. Mfupa ukishaikumbatia, kifaa cha nje kinabanwa juu ya kichwa cha skrubu asubuhi, kinatolewa usiku. Tundu la sikio linabaki wazi.

Huyo mwenye skrubu inayotokeza nje lazima asafishe ngozi pale kila siku, maji, sabuni na brashi laini, la sivyo inavimba. Viko pia vipandikizi vinavyokaa vyote chini ya ngozi, na kifaa cha nje kinashikwa kwa sumaku. Hivyo mkisikia mgonjwa anakwenda kupigwa picha ya MRI, ile ya mashine yenye sumaku kali, ulizeni kwanza ana aina gani.

Si dawa ya kila mtu. Koklea yenyewe ikiwa imechoka sana, haisaidii. Kwa vifaa vingi kipimo cha mfupa, yaani sauti ndogo kabisa anayoisikia kupitia mfupa, kisipite desibeli 45, vyenye nguvu zaidi 55 hadi 65. Na mwenye sikio moja lililokufa kitamletea sauti za upande huo kwenye sikio zima, lakini kujua sauti inatoka wapi hakitamrudishia. Mwambieni kabla, asije akalia baadaye.

Bei? Ni kubwa, sikatai. Ndiyo maana naanza na mkanda, ambao hauna kisu. Ngozi inameza sehemu ya mtikisiko, hasa sauti nyembamba, kwa hiyo anayesikia vizuri kwa mkanda kwa kawaida atasikia vizuri zaidi kwa skrubu. Yule fundi wangu bado yuko kwenye mkanda. Anashona nao, kofia juu yake.

Nilitaka kusema pia juu ya vifaa vya kubandika, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Uma nimekuja nazo tano. Gawaneni, kila mmoja ampime jirani yake: mbele ya sikio kwanza, halafu mfupani, na muulizeni wapi pana nguvu zaidi.