Skrini Inayokata: Mtafute Mkosaji Kabla Hujanunua Kitu

Ndugu washiriki, leo tunaizungumzia kompyuta ya mezani ambayo skrini yake huzimika ghafla, hukaa gizani sekunde chache au dakika nzima, kisha hurudi yenyewe. Ubovu huu unamaliza pesa za watu. Mashine ikifika kwa fundi inatulia, na fundi asipoona kitu anabadilisha kile anachokihisi tu. Kwa hiyo nawaomba hivi: skrini ikishakuwa nyeusi, usiguse kitu. Tazama, halafu sikiliza.

Tazama taa ya monita. Ikizimika kabisa, monita imekosa umeme, basi kagua soketi, waya wake na pawasaplai yake (kisanduku kinachoipa umeme). Ikibadilika kuwa ya machungwa au kuanza kupepesa, au yakitokea maandishi “No Signal”, monita ina umeme ila haipokei picha. Ikibaki vilevile, washa tochi ya simu uimulike kioo kwa ubavu, karibu kabisa. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo. Kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo au saketi inayoziwasha. Hapo hata ubadilishe kebo kumi, hupati nafuu. Na asiye fundi asifungue monita: kapasita kubwa ya ndani, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji ya volti zaidi ya 300 hata plagi ikishachomolewa.

Sasa sikiliza. Muziki ukiendelea kupiga, kompyuta ni hai. Feni zikikata na mashine ikajiwasha upya, achana na skrini, kagua umeme wa kompyuta yenyewe.

Tuseme picha ndiyo inayopotea. Anza na kebo, kwa kuwa ndiyo rahisi kuijaribu. Ile ya VGA ina skrubu mbili, zikaze kwa vidole. Ya HDMI haina kufuli, na ikining'inia nyuma ya meza uzito wake huivuta taratibu hadi ilegee. Kisha, kwenye mipangilio ya skrini, shusha picha iwe nukta 1920 kwa 1080, hertz 60 (yaani mara 60 kwa sekunde), uitumie siku nzima. Picha ya 4K, yenye nukta mara nne ya hizo, kwa hertz 60 inahitaji HDMI yenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde, na kebo ya zamani au ndefu hushindwa hapo. Ikitulia baada ya kushusha, tafuta kebo nzuri ya mita 1 au 2.

Msipuuze na kiti. Mtu akiinuka kwenye kiti cha ofisi chenye mtungi wa gesi, umeme tuli huruka na kebo ya picha huudaka, skrini ikakata kwa sekunde mbili tatu. Tatizo huzidi pale plagi ya pini tatu ilipochomekwa kwenye adapta ya pini mbili na ethi, njia ya kupeleka umeme ardhini, ikapotea.

Kebo ikiwa salama, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja skrini ikiwa nyeusi. Kompyuta ikilia na picha kurudi, shuku kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha, au draiva, yaani programu inayoiendesha. Ushahidi uko Event Viewer, programu ya Windows inayoweka kumbukumbu za matukio, ndani ya Windows Logs, sehemu ya System. Namba 4101 maana yake kadi iliacha kujibu, Windows ikasubiri sekunde 2, ikaianzisha upya draiva. Namba 41 ya Kernel-Power maana yake kompyuta nzima ilizimika bila kufungwa vizuri. Kwa 4101, futa draiva na uweke upya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, puliza vumbi kwenye feni, kisha chomoa kadi uirudishe.

Ikikata pale tu unapofungua gemu au kuhariri video, pima mzigo. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zina pawasaplai ya wati 240 hivi, kisha mtu anapachika kadi kubwa. Sloti, tundu kadi inapochomekwa, hutoa wati 75, kiunganishi cha pini 6 wati 75, cha pini 8 wati 150. Hatari kubwa ni zile adapta za bei rahisi zinazogeuza waya wa SATA, ule wa kulishia diski umeme, kuwa pini 6. Waya wa SATA umekadiriwa wati 54 tu kwa volti 12, nao unadaiwa 75. Zima kompyuta, chomoa umeme, ishike hiyo plagi uitazame kwa tochi. Ukiona plastiki imekuwa ya kahawia kuzunguka nyaya za njano, itoe siku hiyohiyo, na kadi isitumike tena mpaka upate pawasaplai yenye pini zake halisi.