Nafunga taa za volti 12 kwenye hema juu ya barafu (watu wa Kibirizi msinicheke)

Mwidiwe watu wa Kigoma, mnanisikia? Ngoja niegemeze simu kwenye ndoo... haya. Huku Minnesota, Marekani, ni saa kumi na mbili kasoro jioni na nje giza totoro, huko kwetu saa yenu ikifika hapo watu wa Ujiji bado wanaliona jua, na mimi nimekaa juu ya ziwa. Sio kando, juu yake. Linaitwa Mille Lacs, kina chake chote hakifiki mita 15, ukilinganisha na Tanganyika yetu ya mita 1,470 hili ni beseni, lakini beseni limeganda, barafu hapa ni kama sentimita 50. Wenyeji wanasema ikifika 10, ile mpya safi, mtu anatembea, mimi nilikataa kabisa mpaka nikaona pikapu inapita.

Sasa leo ni taa. Mlinikomenti sana ile video ya juzi, "kaka mbona giza", kweli, nilikuwa na tochi ya kichwani, ukiinama kufunga ndoano inamulika magoti.

Huko kwetu taa ni ya samaki, si ndio? Unawasha, vidudu vya majini vinakuja, dagaa wanavifuata, unainua wavu, na mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanapumzika pale ufukweni Kibirizi wanashona nyavu. Huku taa ni ya mvuvi. Samaki ninayemtaka, walleye, ana macho makubwa yanaona gizani, jioni kama hivi ndio anakula, kwa hiyo mimi taa naitaka nione mikono yangu na nisije nikatumbukiza mguu kwenye tundu la kuvulia nililotoboa kwenye barafu.

Wazo la kwanza lilikuwa karabai, nacheka mwenyewe. Hema hili ni kitambaa chenye pamba ndani, limezibwa, na hita ya gesi tayari ipo, ukiongeza moto mwingine ni kama kulala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, mnajua yanayotokea. Hata hita yenyewe nimeacha dirisha la juu wazi, baridi iingie tu.

Kwa hiyo LED, ile ya utepe, volti 12, mita tatu, wati 12. Hesabu rahisi, wati 12 gawa kwa volti 12 ni ampia 1. Nikasema betri ndogo ya asidi ya ampia-saa 7 itanipeleka masaa saba. Thubutu! Leo nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya asidi kwenye baridi nguvu inapungua sana, na ukiimaliza mpaka chini unaiua, nilipata masaa matatu hivi taa ikaanza kuwa njano.

Nikaona nitumie akili, nikaongeza betri ya pili, nikaunga chanya ya hii kwenye hasi ya ile, nikawasha. Ikawaka! Kama uwanja wa mpira! Sekunde kadhaa harufu ya plastiki, utepe umeungua. Nimetengeneza volti 24 kwa mikono yangu. Nikampigia mdogo wangu, anafunga sola pale Mwanga, Kigoma, alicheka mpaka akakata simu, akapiga tena kuniambia "kaka, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi", na mama nyuma yake anauliza nani kaungua.

Sasa oneni hii. Betri ya lithiamu, ampia-saa 12, nyepesi, ila hii usiichaji ikiwa imeganda, inaharibika, mimi nachajia nyumbani sebuleni. Hapa, karibu kabisa na chanya, kuna fyuzi ya ampia 3, mnaiona? Msiiruke hii. Volti 12 haikurushi, lakini waya ukigusana betri inamwaga umeme wote, waya unakuwa mwekundu, na mimi nimevaa hema. Halafu swichi, halafu utepe umepita kwenye fito za juu. Gundi yake kwenye baridi haishiki, ulining'inia kama nguo kwenye kamba, nimefunga na kebo tai na nimeacha waya umelegea pale kwenye maungio maana hema linakunjwa.

Kuna na kipande chekundu huku pembeni, cha kuwasha ukitaka kutoka nje bila macho kupofuka.

Ngoja nitoke niwaonyeshe... uwii, baridi. Oneni hema linavyong'aa, na kule, na kule mbele, hizo zote ni hema za watu. Si kama ukisimama Katonga kwetu Kigoma usiku wa giza ukaangalia taa za mitumbwi? Ila huku kimya, hakuna injini, hakuna mtu anaimba.

Jamani simu imebaki asilimia 6, nilianza na 60, si niliwaambia baridi inakula bet